Ukiumia Ukashindwa Kabisa Kufanya Kazi, Nani Atakulipa?

Leo tunaacha kidogo habari za kupiga picha za bidhaa na kujibu wateja wanaouliza "bei gani" halafu wanapotea. Leo tunaongelea mtaji ambao hujawahi kuuandika kwenye daftari: mwili wako.

Fikiria biashara yako ilivyo. Anayeuza dagaa wa Nyasa kwa WhatsApp anaamka alfajiri kufuata mzigo ziwani, anaanika, anachagua, anapima, anafunga, anapeleka stendi. Anayeuza kahawa ya kusaga kutoka Litembo anapanda na kushuka milima ya Umatengo na kiroba begani. Anayeuza vitenge na viatu vya mtumba anakaa juu ya boda nusu ya siku. Simu ndo inaonekana, ila kinachofanya kazi ni mgongo, miguu, macho na mikono. Siku mgongo ukigoma, duka limefungwa, hata kama bando lipo.

Tunachofanya wengi mtu akiumia ni kufungua grupu la michango. Ni jambo zuri na tusiliache. Lakini tuambiane ukweli: wiki ya kwanza grupu linawaka moto, mwezi wa pili watu wanasoma na kunyamaza, mwezi wa tatu wanatoka mmoja mmoja. Si kwamba wamekuchoka. Na wao wana ada za watoto. Ulemavu wa kudumu unadumu, mchango wa grupu haudumu.

Kwa hiyo leo tueleze malipo ya muda mrefu kwa mtu aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi: nani anayalipa hapa Tanzania, masharti yake ni yapi, na unaombaje. Jambo moja la kushika mapema ni hili: fao hili unaliomba baada ya kuumia, lakini unalipata au kulikosa kwa yale uliyoyafanya miaka mitatu kabla. Tutaona kwa nini.

MILANGO NI MITATU, USIICHANGANYE

Watu wengi wanakwama kwa sababu wanabisha hodi kwenye mlango usio wao. Milango yenyewe ni hii:

1. NSSF. Huu ni mlango wako wewe uliyejiajiri, kama umejiunga na unachangia. Haijalishi umeumia ukiwa kazini, shambani au nyumbani. Hata ugonjwa unahusika, mfano kiharusi, au kisukari kilichosababisha mguu kukatwa.

2. WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huu ni wa mtu aliyeajiriwa, akiumia au kuugua kwa sababu ya kazi yake. Wewe bosi wa duka lako hauko humu. Ila binti anayekufungia mizigo kwa mshahara yumo.

3. Bima ya chombo cha moto. Huu ni mlango wa aliyeumizwa na pikipiki, bajaji, gari au basi.

Tukio moja linaweza kufungua milango miwili. Tuupitie mmoja mmoja.

MLANGO WA KWANZA: NSSF NA PENSHENI YA ULEMAVU

Zamani mtu akisikia NSSF alijua ni mambo ya viwandani na maofisini. Sheria ya NSSF ni ya mwaka 1997, na mabadiliko ya mwaka 2018 yaliyounda mfuko wa PSSSF kwa watumishi wa umma yaliiachia NSSF sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri. Mkulima, mvuvi, bodaboda, mama lishe na wewe muuza mtandaoni, wote mnaruhusiwa kujiunga kwa hiari.

Kiwango cha chini ambacho Mfuko umekuwa ukikitangaza kwa waliojiajiri ni 30,000 kwa mwezi, na 52,200 kwa anayetaka na huduma ya matibabu iwemo. Piga hesabu ya kibiashara: 30,000 kwa mwezi ni 1,000 kwa siku. Kwa mwaka ni 360,000.

Sasa sikia masharti ya pensheni ya ulemavu, maana hapa ndo mchezo wote ulipo:

- Uwe hujafikisha umri wa kustaafu, yaani miaka 60.
- Uwe umepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato, kutokana na hali ya mwili au ya akili, na bodi ya madaktari ithibitishe hivyo.
- Uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15. AU uwe umechangia angalau miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ni ile ya karibuni kabisa kabla ya kupata ulemavu.

Hilo la tatu lisome mara mbili. Tutumie mfano wa wauzaji watatu wa kubuni, wote wameumia mwezi huu.

Wa kwanza ana michango ya miezi 30 mfululizo, hajaruka hata mmoja. Amebakiza 6 kufika 36. Pensheni hapati.

Wa pili ana michango ya miezi 40. Lakini aliacha miaka miwili iliyopita, biashara ilipoyumba, akasema "nitarudi nikikaa sawa". Ile 36 anayo, ila 12 ya karibuni hana. Pensheni hapati.

Wa tatu ana michango ya miezi 36 tu, ila haijakatika mpaka mwezi uliopita. Huyu anapeleka maombi akiwa na kifua mbele.

Umeona? Wa pili amelipa hela nyingi kuliko wa tatu. Kilichomwangusha ni kukatisha. Kwa pensheni ya ulemavu, mwendelezo una uzito kuliko wingi wa hela. Afadhali ulipe kile cha chini kila mwezi bila kuruka kuliko kulipa kikubwa miezi sita halafu ukapotea.

Na wale wawili wa mwanzo je, hela zao zimeliwa? Hapana. Mwenye ulemavu uliothibitishwa ambaye hajafikisha michango ya pensheni anaangaliwa kwa malipo ya mkupuo, yaani ya mara moja. Ila mkupuo ukiisha umeisha. Pensheni inaingia kila mwezi. Hiyo tofauti ndo chakula cha watoto.

Kuhusu kiasi cha pensheni, kinategemea kipato ulichochangia na idadi ya miezi. Ukichangia kidogo utalipwa kidogo. Kwa hiyo biashara ikikua, pandisha na mchango.

HELA YETU INAKUJA KWA MSIMU, TUFANYEJE?

Hili ni swali la watu wa Mbinga hasa. Kahawa ikianza kuuzwa, hela ipo, na mteja wako wa vitenge naye analipa bila kuomba punguzo. Kahawa ikiisha, hata status hazitazamwi. Mvua zikianza, barabara za huku juu zinateleza na mizigo inalala.

NSSF kwa waliojiajiri hawakulazimishi utaratibu wa mshahara. Unaweza kuchangia kidogokidogo, kwa mwezi au kwa msimu. Ukiwa na hela ya msimu, fanya mambo matatu:

- Tenga michango ya miezi ya njaa mapema, kabla hujaongeza mzigo mpya.
- Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali tu, kwa simu au benki. Usimpe mtu hela mkononi akulipie.
- Baada ya kulipa, angalia taarifa yako uone ile hela imeandikwa kwa miezi mingapi. Ukilipa ya miezi sita ikasomeka kama mwezi mmoja mkubwa, siku ya kudai utahesabiwa mwezi mmoja. Ukiona haijakaa sawa, fuatilia wiki hiyohiyo na risiti mkononi. Usisubiri mpaka uko kitandani.

MLANGO WA PILI: WCF, NA WEWE KAMA MWAJIRI

Hapa wengi mtasema "mimi sina wafanyakazi". Ngoja kwanza. Una binti anayepokea oda ukiwa safarini, unamlipa mwisho wa mwezi? Una kijana anayebeba magunia kila siku kwa mshahara? Basi wewe ni mwajiri, hata kama ofisi yako ni sebuleni.

WCF iko chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko ulianza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kiwango ni asilimia 0.5 ya mishahara unayolipa. Ukimlipa binti yako wa mizigo 200,000, mchango wake ni 1,000 kwa mwezi. Bei ya soda na andazi.

Kwa hiyo 1,000, akiumia kazini Mfuko unabeba matibabu. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, analipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Kwa mshahara wa 200,000, hiyo ni 140,000 kwa mwezi. Akipata ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30, analipwa pensheni kila mwezi. Ukiwa asilimia 30 au chini, analipwa kwa mkupuo. Akihitaji mtu wa kumhudumia, lipo fungu lake. Akifariki, wategemezi wanaangaliwa.

Usipomsajili, akianguka na gunia, nani atabeba? Utabeba wewe, kwa mtaji uleule wa dagaa.

Ajali ikitokea, mwajiri toa taarifa WCF mara moja. Sheria imeweka mwisho wa miezi 12 tangu tukio litokee, taarifa ikichelewa zaidi ya hapo haki inapotea. Lakini usiutumie huo mwaka mzima. Mashahidi wanahama, daftari la zahanati linajaa, na simu yenye picha za tukio inaibiwa.

Muwe na mkataba hata wa ukurasa mmoja, na mshahara ulipwe kwa simu ili uache alama. Bila hivyo, siku ya fidia mtabishana kama kweli alikuwa mfanyakazi wako na alikuwa analipwa ngapi.

Boda je? Boda unayempigia leo na kesho unampigia mwingine, ukimlipa kwa safari, kwa kawaida amejiajiri. Huyo mshauri ajiunge NSSF mwenyewe. Ila ukimnunulia pikipiki wewe, ukampangia saa za kazi na kumlipa kwa mwezi, hapo umeshaajiri.

Na wale mlioajiriwa sehemu nyingine halafu mnauza mtandaoni jioni, tuelewane. Mwalimu akiumia akiwa anatekeleza kazi ya shule, hiyo ni ajali ya kazi. Akianguka Jumamosi akipeleka mzigo wake wa viatu kwa mteja, hiyo si kazi ya mwajiri wake. Usipeleke dai la uongo kwamba ulikuwa kazini. Angalia mfuko wako wa hifadhi ya jamii na bima ya chombo ulichopanda.

MLANGO WA TATU: BIMA YA CHOMBO

Kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kinatakiwa kisheria kuwa na bima, angalau ile ndogo ya mtu wa tatu. Wengi tunadhani ni karatasi ya kumwonyesha trafiki. Kazi yake hasa ni kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa na kile chombo. Ukigongwa ukiwa pembeni ya barabara, au ukiwa abiria wa kulipa nauli, ni wewe huyo.

Ila kumbuka, bima hii ndogo si ya kumlipa dereva mwenyewe kwa majeraha yake. Kama wewe ndo unaendesha pikipiki yako kusambaza oda, ukianguka peke yako pale kwenye kona, haitakusaidia. Unahitaji bima ya ajali binafsi, au uwe vizuri NSSF.

Kwa hiyo kabla hujapanda boda wa kila siku, uliza kama ana bima. Unaweza kuihakiki kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Si dharau, ni biashara.

Ajali ikitokea: andika namba ya chombo, piga picha, toa taarifa polisi, chukua PF3 ya matibabu, na baadaye fuatilia PF90, ile taarifa ya polisi kuhusu ajali. Bila hizo karatasi, kampuni ya bima haina pa kuanzia. Na usikubali kumalizana juujuu pale barabarani kwa 50,000 kabla daktari hajakuangalia. Uti wa mgongo hauonyeshi hasara yake siku ya kwanza. Ukifika mahali mkavutana na kampuni ya bima, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kuwepo kwake ni kwa ajili yenu wadogo.

SASA UNAOMBAJE PENSHENI YA ULEMAVU? HATUA KWA HATUA

Turudi kwenye NSSF, maana ndo mlango wa wengi wetu.

Hatua ya 1: Anza na hospitali, na anza mapema. Kwa watu wa huku, hospitali kubwa ya karibu ni Hospitali ya Litembo, ya Jimbo Katoliki la Mbinga. Ukitibiwa hapo au kwingine, hakikisha kila hudhurio limeandikwa na una nakala: kadi, vipimo, picha za eksirei, barua ya rufaa kwenda Songea au mbali zaidi, karatasi ya kuruhusiwa. Weka zote kwenye bahasha moja, na zipige picha uzitume kwa ndugu unayemwamini. Nyumba inavuja, panya wanakula, simu inapotea.

Hatua ya 2: Jina liwe moja. Jina la NIDA, la NSSF, la kadi ya hospitali na la akaunti ya benki vifanane. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo, jina la baba na jina la ukoo, na kila ofisi inachukua mawili inayoyapenda. Ukiwa mzima, kurekebisha ni safari moja. Ukiwa na magongo, ni mateso.

Hatua ya 3: Tarehe ya ulemavu. Ile miezi 12 ya karibuni inahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku uliyopata ulemavu. Kwa ajali ni rahisi, tarehe inajulikana. Kwa ugonjwa unaokuja polepole, kama macho au mgongo, mwombe daktari aandike wazi ni lini uliacha kuweza kufanya kazi. Na usikimbilie kuacha kuchangia siku ya kwanza unapoumwa. Ongea na ofisi ya NSSF kwanza. Watu wanakatisha michango wakijiuguza, halafu wanakuja kujikuta na pengo palepale palipohitajika pasiwe na pengo.

Hatua ya 4: Fika ofisi ya NSSF. Ofisi ya mkoa wa Ruvuma iko Songea. Kama huwezi kusafiri, mtu wako wa karibu aende kuuliza kwanza wanahitaji nini, ili wewe usipande gari mara tatu. Beba kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama, taarifa ya michango, ripoti za daktari na taarifa za akaunti ya benki. Jaza fomu ya madai ya fao la ulemavu. Omba uthibitisho kwamba wamepokea, wenye tarehe na muhuri.

Hatua ya 5: Bodi ya madaktari. Hapa ndo wauza mtandaoni wengi wanaweza kuponzwa na maneno yao wenyewe. Tuipe nafasi yake.

KAZI YAKO IELEZE KAMA ILIVYO

Daktari akikuuliza "unafanya kazi gani?", usijibu "nauza kwenye simu". Ukisema hivyo, anayekusikia anaona mtu amekaa kwenye kochi anabonyeza. Atajiuliza, mguu umekatwa sawa, lakini vidole si vipo?

Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi siku yako ya kazi ilivyokuwa. Mfano: "Saa kumi na moja alfajiri nafuata dagaa Mbamba Bay. Napakia ndoo. Naanika nikiwa nimeinama. Nachagua mchanga kwa macho. Napima, nafunga, nabeba mpaka stendi. Jioni najibu oda." Halafu pembeni ya kila kazi andika: naweza, siwezi, au naweza kwa kusaidiwa. Hiyo karatasi inaonyesha umepoteza nini kwenye kipato, na kipato ndo kinachopimwa: theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia riziki.

Beba na ushahidi wa kipato: miamala ya lipa namba, daftari la mauzo, risiti za mizigo ya basi. Linganisha miezi sita kabla na miezi sita baada. Namba zinaongea vizuri kuliko machozi.

Na suala la ukurasa wako. Umelala hospitali lakini status zinapanda, "mzigo mpya umeingia, karibuni". Anayesimamia ni mdogo wako, sawa kabisa, biashara isife. Ila sema hivyo mapema. Eleza ni nani anaendesha, tangu lini, na wewe unapata nini humo. Usifiche, maana mtandao hauna siri, na dai lenye kificho kimoja linatiliwa shaka lote.

Usiongeze chumvi pia. Kama unaweza kutembea mita mia, usiseme huwezi hata kusimama. Bodi inapima mwili, haipimi huruma. Mwenye kusema ukweli anajibu swali lilelile mara tano na jibu linabaki lilelile.

UKIKATALIWA

Usiondoke na jibu la mdomo. Omba barua yenye sababu. Sababu kwa kawaida zitaangukia kwenye moja ya hizi tatu: michango haijatosha, ulemavu haujafikia kiwango, au nyaraka zina kasoro. Kila moja ina njia yake. Michango isiyosomeka inatafutiwa risiti. Kiwango cha ulemavu kinahitaji ripoti ya daktari bingwa au vipimo vipya. Nyaraka zinarekebishwa. Kama pensheni haiwezekani, uliza rasmi kuhusu mkupuo.

Na tujihadhari na vishoka. Mtu anayekuandikia Facebook kwamba "nina mtu wangu ndani, tuma 50,000 faili litembee" ni ndugu wa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Fomu ya madai hainunuliwi. Nywila na namba ya siri hazitolewi kwa mtu.

NA KWA ALIYEKWISHA KUUMIA BILA MICHANGO?

Ndugu yetu, milango ya pensheni inaweza kuwa imefungwa, lakini nyumba ina madirisha. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri zinatenga kwa mikopo isiyo na riba, mgawo ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ule wa 2 ni wako. Kaya masikini sana iulizie pia TASAF kupitia serikali ya kijiji. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakupa haki ya kufanya kazi bila kubaguliwa. Wapo wenzetu wanaouza mtandaoni wakiwa na ulemavu na wanauza vizuri. Kinachohitajika ni kupanga upya nani anabeba na nani anajibu simu.

YA KUFANYA WIKI HII

1. Kama hujajiunga NSSF, chukua NIDA yako ujiunge. Miezi 36 inaanza kuhesabiwa siku unapolipa wa kwanza, haianzi siku unaposoma hapa.
2. Kama umejiunga ukaacha, rudi mwezi huu. Ile 12 ya karibuni ijenge upya.
3. Angalia taarifa yako ya michango, hesabu miezi, usihesabu hela.
4. Linganisha jina kwenye NIDA, NSSF, benki na kadi ya hospitali.
5. Una mfanyakazi wa mshahara? Msajili NSSF na WCF, mpe mkataba.
6. Mwonyeshe mtu mmoja nyumbani bahasha ilipo. Ukipoteza fahamu, yeye ndo atakuwa wewe.
7. Weka akiba ya miezi mitatu pembeni. Pensheni ni ya ulemavu wa muda mrefu. Mguu uliovunjika ukapona baada ya miezi mitatu haukupi pensheni, na hata dai zuri lina muda wa kusubiri.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ni kweli, kinga haina. Ila ina maandalizi, na maandalizi yenyewe kwa siku ni 1,000, bei ya bando.

Una swali kuhusu michango yako au ya mfanyakazi wako? Liandike hapo chini, ila usiweke namba ya NIDA wala ya uanachama hadharani. Mshirikishe mwenzako mmoja anayepanda boda kila siku na mizigo. Biashara njema, na tuwe wazima.